Ramani ya Mchangani pale Bungu

Msikilizaji uliyeko barazani Kibiti mjini, uliyeko ndani ya mashua pale Nyamisati ukingoja maji yajae, na wewe uliyelala dunguni kule Mbuchi na redio umeitundika kwenye nguzo huku sikio moja likiwasikiliza nguruwe wasiingie mpungani, nawasalimu nyote. Leo nina habari ya ramani.

Wiki tatu zilizopita nilikwama Bungu, pale njia ya Nyamisati inapoiacha barabara kuu ya kwenda Kilwa na Lindi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, gari halijai, na dereva hakubali kuondoka na abiria wanne. Tukajibanza kwenye banda la kahawa: mimi, mama mmoja mwenye matenga matupu ya kamba, mzee wa Salale aliyekula ujana wake kwenye kukata boriti, kijana wa bodaboda, na pembeni kabisa kijana mfugaji mwenye madumu mawili ya maziwa na fimbo yake. Kijana wa bodaboda akanisogezea simu. "Mjomba, hebu nisomee, hapa wameandika nini?"

Ilikuwa ramani ya Ulaya. Mipaka sahihi, rangi nzuri, lakini kila nchi imevuliwa jina lake na kuvishwa lile inalosemwa na jirani: huku wavivu, kule wabahili, pale walevi, wale wezi. Nikamsomea. Kijana alicheka mpaka kikombe kikamponyoka. Mzee wa Salale hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na juu pameandikwaje?"

Nikamwambia juu pameandikwa kwamba hii ni Ulaya kama inavyoonwa na watu wa nchi fulani.

"Basi huyo mchoraji muungwana," akasema. "Kasema macho ni ya nani."

Nimetembea na neno hilo wiki tatu nzima.

Ramani za namna ile zimejulikana sana kwa kazi ya msanii mzaliwa wa Bulgaria, Yanko Tsvetkov, aliyezianza mwaka 2009, siku ambazo Urusi na Ukraine zilikuwa zinavutana juu ya gesi na watu wengi wa Ulaya mashariki wanakaa kwenye baridi. Baadaye akazikusanya kuwa kitabu, atlasi nzima ya yale ambayo watu huyasema juu ya majirani zao mlango ukishafungwa. Bara moja amelichora mara nyingi: kama walionavyo Wamarekani, kama walionavyo Wajerumani, na wengine. Ukizipanga karatasi hizo mezani utaona kwamba Mwitaliano wa hapa si Mwitaliano wa pale. Italia haijasogea hata shubiri, aliyesogea ni anayetazama. Msomaji anaanza kwa kumcheka anayedharauliwa, na akifika karatasi ya tatu anajikuta anamchunguza mwenye dharau. Naiheshimu sana kazi hiyo kwa sababu hiyo.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1877 Mwingereza Fred Rose alichora Ulaya ambamo Urusi ni pweza mkubwa, mikono yake imewakaba majirani shingoni. Ilikuwa picha ya kuchekesha na wakati uleule ya kutisha, na ilihitaji mtu makini kukumbuka kwamba pweza yule aliogelea kichwani mwa Mwingereza.

Lakini kuna kisa kingine cha mwaka uleule wa 2009 ambacho kinamthibitishia mzee wa Salale kuliko vyote. Jamhuri ya Cheki ilipochukua zamu ya kuongoza Umoja wa Ulaya, iliagiza sanamu kubwa itundikwe katika jengo la Baraza la Umoja huo mjini Brussels. Msanii David Černý alipewa kazi hiyo kwa makubaliano kwamba wasanii 27 wa nchi 27 watashiriki, kila mmoja aichore nchi yake. Januari ikafunuliwa. Bulgaria ilikuwa imeumbwa kwa vyoo vya kuchuchumaa. Wabulgaria wakalalamika, na baada ya siku chache sehemu yao ikafunikwa kitambaa cheusi. Kabla hata ya kitambaa hicho ukweli ulikuwa umeshatoka: wasanii 27 hawakuwapo. Černý na wenzake wachache walifanya kila kitu, wakabuni majina, wakabuni hata wasifu wa wasanii hao. Mtu aliyesemekana ni Mbulgaria anayeitania nchi yake hakuwa amezaliwa popote. Kuna waliosema ni usanii hodari. Mimi nasema hapo utani ulivunjika, kwa kuwa aliyechorwa aliporwa hata sauti ya kujichora mwenyewe, na mchoraji akajificha nyuma ya jina la aliyemtukana.

Turudi bandani. Kijana wa bodaboda aliacha kucheka, akauliza: "Na sisi je? Sisi wa huku tungeandikwa nini?"

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Mama wa matenga alihesabu kwa vidole. Uvivu. Ngoma. Uchawi. Kuoza binti mapema. Hii ndiyo ramani ya Rufiji na Kibiti iliyomo vichwani mwa watu wengi walioko ng'ambo ya Mbagala, na haikuchorwa na mtu yeyote anayejulikana. Ipo tu, kama upepo.

Nami naomba nikae kidogo kwenye neno la kwanza, uvivu, kwa sababu linaniuma. Mgeni anafika kijijini asubuhi, anakuta nyumba zimefungwa au wazee wawili watatu wamekaa kivulini, anaondoka akisema watu hawa hawafanyi kazi. Hakuuliza watu wako wapi. Wako mashambani, ng'ambo ya mto, wamehamia dunguni. Dungu la Mrufiji si kibanda cha kupumzikia, ni nyumba iliyoinuliwa juu ya miti, familia nzima inapanda ngazi, inapika humo na kulala humo miezi kadhaa, kwa sababu mpunga ukiachwa peke yake usiku mmoja nguruwe wanaumaliza, na mchana ndege hawana huruma. Maji ya mto yakipungua, ardhi ikiwa bado ina unyevu, huja kilimo cha mlau: mahindi, kunde, maboga juu ya tope jipya ambalo mto umelileta bure. Anayeishi hivi anasoma mto kama wewe unavyosoma saa. Mwaka 1968 mto ulipofurika vibaya, serikali ilianzisha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya miinukoni. Wengi walipelekwa mbali na mashamba yao, na wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa kuwa chakula kilikuwa bondeni. Mafuriko ya 2024 yalipozizamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti, nilisikia tena swali lilelile likiulizwa kutoka mjini, kwa nini hawa watu wanakaa mabondeni. Anayeuliza hivyo ana wali kwenye sahani yake.

Delta ya Rufiji nayo ilichorwa na macho ya watu wengine. Kuna mikoko hekta zipatazo 53,000 pale, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki. Kwa Mwarabu wa Ghuba wa zamani Rufiji ilikuwa jina la boriti. Majahazi yalizibeba mpaka kwenye miji isiyo na miti, na upana wa chumba kule ulifuata urefu wa mti uliokatwa huku. Mwaka 1914 Waingereza waliitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya manowari hiyo kuizamisha meli yao, Pegasus, bandarini Zanzibar. Hawakuwa na ramani nzuri ya mito ya delta. Wajerumani walikuwa wameipima, na meli ikaingia kujificha upande wa Salale mpaka ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi wa mashamba ya kamba wa hekta zipatazo 10,000 katika delta hii hii. Kwa macho ya waliopanga, matope yale yalikuwa nafasi ya kuchimba mabwawa. Mama wa matenga alikuwa msichana wakati huo, na anakumbuka mikutano chini ya miembe, watu wazima wakiuliza, "Nafasi gani? Hapo ndipo mama zetu wanapovua." Watu wa delta walipinga, wanasheria na waandishi wa habari za mazingira wakasimama nao, na mradi haukutimia. Kati ya wote wanne waliowahi kuiangalia delta, Mwarabu, Mwingereza, Mjerumani na mpangaji, hakuna aliyeandika juu ya karatasi yake, "hii ni delta kama nionavyo mimi."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kijana wa bodaboda alilitaja kwa sauti ya chini. "Mjomba, mimi nikienda Dar nikasema natoka Kibiti, watu wananitazama mara mbili."

Nchi nzima inakumbuka mwaka 2016 na 2017. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa milangoni mwao. Aprili 13, 2017, polisi 8 waliuawa kwa mpigo mmoja, Mkengeni. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku, na kwa vijana kama yule hilo lilikuwa kukatwa riziki. Waliofiwa walikuwa watu wa hapa. Waliolala porini kwa hofu walikuwa watu wa hapa. Lakini kwenye ramani ya vichwani, wilaya yetu ilipakwa rangi nyekundu yote, na aliyeuawa na aliyeua wakawekwa chini ya jina moja: Kibiti. Mwandishi Azory Gwanda alikuwa akiziandika habari za mauaji yale akiwa hapa hapa, kwa jina lake, gazetini. Novemba 21, 2017 alichukuliwa na watu wasiojulikana, naye hajaonekana tena. Nikimfikiria, nafikiri juu ya uzito wa kuandika jina lako juu ya unachokisema. Wapo waliokuwa wakitunena kwa mbali bila jina lolote, nao wangali wanazungumza.

Kuna mchoraji Mmarekani, Saul Steinberg, ambaye mwaka 1976 alichora jalada la gazeti la New Yorker. Unaona mitaa miwili mitatu ya New York kwa ukamilifu, magari na madirisha, kisha mto, kisha Marekani yote iliyobaki kama kipande cha uwanja mtupu, na mwisho kabisa China, Japani na Urusi kama vichuguu. Aliuchora mji alimokuwa akiishi. Natamani kijana wa Kinondoni aichore Dar es Salaam hivyo. Daladala, ghorofa, foleni, Mbagala, kisha neno moja kubwa: mkoani. Mtu akienda Mwanza amekwenda mkoani, akienda Kibiti, saa chache tu, amekwenda mkoani. Kusini yote ingekuwa korosho mbili tatu karibu na mpaka wa Msumbiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wakikwama mtoni Rufiji siku kadhaa wakingoja kivuko, na vijana wao waliokuja Dar kutembeza bidhaa mikononi wakaliacha jina la kabila lao, Machinga, liwe jina la kazi. Leo Mchaga anayeuza soksi Kariakoo anaitwa machinga, na wengi wanaolitamka hawajui kuna Wamachinga wenye kijiji, mababu na lugha.

Na neno lililo zito kuliko yote liko kinywani mwetu kila siku. Mtu akichelewa, akidanganya, akiacha kazi nusu, anaambiwa "acha uswahili." Nyumba zikibanana na mitaro ikinuka tunasema uswahilini. Lugha hii ninayozungumza nanyi, iliyotuunganisha kutoka Lamu hadi Bukavu, imegeuzwa iwatukane watu walioizaa. Nakuomba, msikilizaji, siku ukilisikia neno hilo likitoka kinywani mwako, ulishike kabla halijamfikia mtoto.

Lakini sisi wa pwani nasi tulikuwa na ramani yetu, na si nzuri. Tuliwaita watu wa bara washenzi, miaka mingi kabla hatujaitwa wavivu. Tuliwapa watu wa magharibi jina la Wanyamwezi kwa sababu walitoka upande mwezi mchanga unakoonekana, bila kuwauliza wao wenyewe wanajiitaje. Kati ya 1855 na 1856 wasomi wa London waliletewa ramani iliyotungwa na wamisionari wa Rabai, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, kutokana na maelezo ya watu wa misafara. Katikati ya bara palikuwa na ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Wasomi walicheka. Mwaka 1857 Burton na Speke wakaondoka pwani kwenda kutazama, na mambo yakaja kufahamika: maziwa ni matatu, Nyasa, Tanganyika na lile la Ukerewe. Watu wa misafara hawakusema uongo. Kila mmoja alisimulia maji aliyoyaona mwisho wa njia yake. Kosa lilikuja pale masimulizi ya njia tatu yalipounganishwa kuwa mchoro mmoja, na macho ya nani yakasahauliwa.

Mtu ataniuliza, je, tuache kutaniana? Hasha. Tanzania bila utani haipo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, Wangoni na Wasukuma nao ni watani, na mpaka Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Tangu miaka ya 1940 kuna wageni kama R. E. Moreau walioandika juu ya desturi hii kwa mshangao. Lakini utani una sheria. Mtani anakutukana akiwa mbele yako, na wewe unayo haki ya kujibu palepale. Anakunyang'anya kuku wako, kesho unachukua mbuzi wake. Na siku ya msiba mtani wako ndiye anayekuja kuiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wanacheka kwa machozi, kisha anashika jembe na kuchimba kaburi. Anayetaka kunitukana kwa ramani na awe tayari kunizika. Mtu anayesambaza picha ya Mgogo ombaomba au Mpare bahili kwenye simu za watu elfu, akiwa hana mtani yeyote wa kabila hilo na hatakanyaga msibani kwao, huyo anatumia jina la utani kama Černý alivyotumia majina ya wasanii wasiokuwapo.

Mvua ilipopungua, mzee wa Salale alimwomba kijana mfugaji fimbo yake. Akaichora delta kwenye mchanga mbichi mbele ya banda, midomo yote ya mto, kwa haraka, kama mtu anayechora kiganja chake. Mafia akaiandika "wanaongoja bahari itulie." Dar es Salaam akaiandika "wanaokula kamba bila kukanyaga tope." Mama wa matenga akapiga kofi. Kisha mzee akapiga mstari mrefu upande wa magharibi, akaandika: "ng'ombe."

Kimya kikaingia. Sote tunajua habari hiyo. Tangu mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, kule Usangu, wengi walishuka na mifugo yao kuja Rufiji na Kilwa na Lindi. Mashamba yameliwa, watu wameumizana, kesi zimejaa. Na sisi tumewapa jina moja wote, Wamang'ati, hata aliye Msukuma.

Mzee aliliona alilolifanya. Akafuta neno "ng'ombe" kwa mguu, akamrudishia kijana fimbo yake. "Haya, mwanangu. Chora nawe."

Kijana alisita. Kisha akaanza mbali sana, karibu na kiti cha dereva, ambako mchanga ulikuwa umekauka. Akachora duara, akasema hapo alizaliwa. Akavuta mstari mrefu wenye kona nyingi, akisimama mahali mahali: hapa walikufa ndama, hapa tulitozwa, hapa mama alibaki. Alipofika mtoni akachora nyumba nyingi ndogondogo, na pembeni yake akaandika polepole, herufi moja moja: "wanajua idadi ya ng'ombe wangu, hawajui jina langu."

Hakuna aliyecheka. Mama wa matenga akauliza maziwa ni bei gani. Dereva akapiga honi, abiria walikuwa wametimia.

"Bado," mzee akamwambia dereva, kisha akamgeukia kijana. "Hujaandika juu. Macho ya nani?"

Kijana akazunguka mpaka upande wa juu wa mchoro wake, akainama, akaandika jina lake, halafu la baba yake, halafu la babu yake.